Namna ya Kufungua, Kukarabati na Kuunganisha Upya Transakseli ya Gari la Gofu la Umeme

Gari la gofu la umeme halina klachi wala giaboksi ya kubadilisha gia. Mota imefungwa moja kwa moja kwenye kasha la alumini lililo katikati ya ekseli ya nyuma, na ndani ya kasha hilo kasi ya mota hupunguzwa kwa jozi mbili za gia kabla ya nguvu kufika kwenye difu na kugawanywa kwa magurudumu mawili. Kasha hilo na vyote vilivyomo ndiyo transakseli, ingawa kwenye gereji nyingi za huku Pwani mafundi huiita difu tu.

Mwongozo huu unahusu transakseli ya magari ya umeme yanayoonekana zaidi kwenye viwanja vya gofu na kwenye hoteli za ufukweni, hasa Club Car DS na E-Z-GO TXT, yote mawili yakiwa ni kazi ya viwanda vya eneo la Augusta, jimbo la Georgia, Marekani. Magari ya petroli yana gia ya kurudi nyuma ndani ya kasha lao na mpangilio wake ni mwingine, kwa hiyo sitayagusa.

Kuna jambo moja ambalo ningependa fundi alijue kabla hajashika spana. Katika transakseli nyingi nilizozifungua, gia hazikuwa chanzo cha ubovu hata pale zilipokutwa zimelika. Ubovu ulianzia kwenye sili (mpira unaozuia oili isitoke pembeni mwa shafti) iliyokwaruzwa na mchanga. Oili ikavuja kidogo kidogo, beringi ikakauka, shafti ikaanza kucheza, ndipo meno yakakosa mahali pake na kuanza kulana. Fundi anayebadilisha gia iliyovunjika na kuiacha beringi ya zamani kwa sababu "bado inazunguka" atalipokea gari lilelile baada ya miezi michache, na safari hiyo gia mpya nayo itakuwa imeharibika.

Kusikiliza kabla ya kufungua

Liendeshe gari kwenye barabara tambarare, kwanza likiwa tupu, kisha likiwa na abiria, na usikilize mlio unabadilika wakati gani. Mvumo unaopanda na kushuka pamoja na kasi ya gurudumu, na ambao haujali kama umekanyaga pedali au umeiachia, mara nyingi ni wa beringi. Mlio mwembamba unaojitokeza mota inapovuta na kufifia pedali inapoachiwa ni wa meno ya gia. Mkwaruzo au mgongano unaosikika gari linapokata kona, kisha ukatoweka linaponyooka, huelekeza kwenye gia ndogo za difu, kwa kuwa gia hizo huzunguka kwenye pini yao pale tu gurudumu moja linapokwenda kasi kuliko jingine. Kishindo kimoja kizito wakati wa kuondoka, au wakati wa kubadilisha kutoka mbele kwenda nyuma, huonyesha kwamba splaini (meno na mifereji ya shafti yanayoingiana ili moja iizungushe nyingine) zimelegea au kwamba kuna nafasi kubwa kupita kiasi mahali fulani kati ya mota na tairi.

Ikiwa mota inazunguka huku gari limesimama tuli, usikimbilie kufungua kasha. Ivue mota kwanza na uzitazame splaini za pande zote mbili, yaani za mota na za shafti ya kuingizia nguvu. Zikiwa zimesagika upande wa mota peke yake, transakseli haina kosa.

Baada ya hapo inua nyuma ya gari, shika tairi kwa juu na chini, na ulitikise. Likicheza, beringi ya ekseli ya upande huo imekwisha, na beringi hiyo hubadilishwa bila kuishusha transakseli. Zungusha tairi kwa mkono huku kiganja kingine kimegusa bomba la ekseli. Beringi mbovu huhisiwa kwa kiganja kabla haijasikika kwa sikio. Hakikisha pia kwamba breki zimeachia kabisa. Magari haya yana breki za ngoma kwenye magurudumu ya nyuma, na hewa ya chumvi huzikamatisha kebo zake kwa kutu kiasi kwamba viatu vya breki hubaki vimegusa ngoma siku nzima. Nimeletewa zaidi ya mara moja gari lililosemekana kuwa "difu limekufa" na kumbe lilihitaji kebo mpya ya breki tu.

Maandalizi na usalama

Tafuta sehemu yenye sakafu ngumu na meza safi. Utahitaji jeki, stendi mbili imara, soketi na spana, koleo za saklipu (ringi za springi zinazokaa kwenye mfereji kushikilia beringi) za ndani na za nje, pula ya beringi, presi (hata ile ndogo ya mkono), nyundo ya plastiki, spana ya kupimia ukazaji, trei pana ya kumwagia oili, mafuta ya taa ya kusafishia, brashi, na vitambaa visivyoacha nyuzi. Usitumie pamba ya gereji ndani ya kasha hata kidogo.

Weka swichi ya ufunguo kwenye kuzima, na kama gari lina swichi ya kukokotea, iweke upande huo. Vua pete, saa na mkufu, kisha fungua waya mkuu wa hasi kwenye betri kabla ya mwingine wowote. Gari la volti 36 au 48 halitakupiga kama umeme wa nyumbani, lakini spana ikiangukia vichwa viwili vya betri itachomelea papo hapo, na cheche hiyo yaweza kulipua gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye betri zinapochajiwa. Ndiyo sababu spana ya betri izungushiwe utepe wa umeme hadi ibaki imefunuka mdomoni tu. Kwenye gari lenye kontrola ya kielektroniki (kifaa kinachodhibiti umeme wa mota), baada ya kufungua waya huo washa ufunguo, weka rivasi na ukanyage pedali hadi king'ora cha rivasi kinyamaze, ili chaji iliyobaki ndani ya kontrola iishe. Kisha zima tena.

Zuia magurudumu ya mbele kwa vipande vya mbao. Legeza nati za magurudumu ya nyuma tairi zikiwa bado chini, halafu inua gari na uliweke juu ya stendi zilizo chini ya fremu, si chini ya ekseli, kwa kuwa ekseli ndiyo itakayotoka. Betri za magari haya kwa kawaida ni sita, na kila moja hukaribia kilo 28 au 29. Uzito wote huo unaning'inia juu ya kichwa chako unapokuwa chini ya gari, kwa hiyo asiwepo mtu yeyote anayekaa kitini wakati kazi inaendelea, na jeki peke yake isitegemewe hata kwa dakika moja.

Kushusha transakseli

Piga picha za nyaya za mota kabla ya kugusa nati yoyote, kisha bandika alama kwenye kila waya, kwani kichwa kilichoandikwa A1 kikichanganywa na A2 mota itazunguka kinyume, na kosa la kuchanganya A (vichwa vya rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka) na S au F (vichwa vya koili zisizozunguka) ni baya zaidi. Shikilia nati ya ndani ya kila kichwa kwa spana ya pili unapolegeza ya nje, la sivyo boliti yote itazunguka na kukata muunganiko wa ndani wa mota.

Mota ni nzito na inapaswa kutoka ikiwa imenyooka. Iegemeze kwenye jeki ya pili au msaidizi aishike, ondoa boliti zake, kisha ivute sambamba na shafti hadi splaini ziachane. Ukiiacha ining'inie kwenye splaini, uzito wake utaikunja midomo ya sili ya shafti. Angalia kipande kidogo cha mpira kilicho mwishoni mwa splaini, kazi yake ni kuzuia shafti mbili zisigongane. Kiweke pamoja na boliti za mota kisipotee.

Fungua kebo za breki, shokomzoba, na mwisho yuboliti (boliti zilizopinda kama herufi U) zinazoifunga ekseli kwenye springi. Kwenye magari ya ufukweni boliti za chuma zilizoingia kwenye alumini huwa zimeshikana, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi, alumini hulika na kutoa unga mweupe unaojaza nafasi ya uzi. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, na siku ya kazi pasha moto alumini iliyozunguka boliti kwa hewa moto kabla ya kutumia nguvu. Kwa kuwa alumini hutanuka zaidi kuliko chuma, joto dogo hufanya kazi ambayo bomba refu la kuongezea spana lingeimaliza kwa kukata boliti.

Kabla ya kufungua kasha, ekseli zitolewe moja moja. Toa ngoma ya breki (kwenye magari ambayo ngoma yake imekaa kwenye splaini za ekseli, nyoosha na utoe pini ya kufuli, kisha fungua nati kubwa ya katikati), safisha mdomo wa bomba, toa saklipu iliyoshikilia beringi, halafu ivute ekseli ikiwa imenyooka kabisa. Kwenye aina nyingi sili ya oili imekaa ndani ya bomba, nyuma ya beringi, na ekseli ikiachwa ilale wakati wa kutoka, splaini zake huikwaruza sili hiyo. Iandike kila ekseli alama ya kushoto au kulia, kwa kuwa urefu wake mara nyingi hutofautiana.

Kufungua kasha

Mwaga oili kwenye trei safi na uitazame vizuri kabla ya kuitupa. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Inayometameta kama rangi ya fedha imebeba unga wa beringi au gia, na vipande vinavyoonekana kwa macho ni meno yaliyomeguka, ambayo utalazimika kuyatafuta yote kabla ya kufunga. Pitisha sumaku ndani ya oili hiyo. Vinavyonata ni chuma, na visivyonata huenda ni alumini ya kasha lenyewe, jambo ambalo ni baya zaidi.

Safisha nje ya kasha kwa brashi na mafuta ya taa hadi pasiwe na mchanga hata kwenye kona. Hatua hii huonekana ya kupoteza muda, lakini chembe moja ya mchanga wa matumbawe ikidondoka ndani itazunguka na oili na kupita kwenye kila beringi.

Weka alama kati ya kasha, kifuniko na mabomba ya ekseli, fungua boliti zote, kisha tafuta sehemu zilizotengenezwa makusudi kwa ajili ya kubanjulia. Hapo tu ndipo penye ruhusa ya kuingiza bisibisi. Nyuso mbili za alumini zinazokutana zikikwaruzwa, hakuna silikoni itakayozuia oili isipite. Kama kifuniko kimegoma, kigonge kwa nyundo ya plastiki kuzunguka ukingo wake.

Sasa utaona shafti tatu zilizolala sambamba: pinioni ya kuingizia, ambayo ina splaini za mota, gia ya kati, yenye gia kubwa na ndogo kwenye shafti moja, na kizimba cha difu kilichofungiwa krauni, yaani gia yake kubwa. Kwa kuwa meno yao yamekatwa mshazari na yameshikana, huwezi kuchomoa moja na kuziacha nyingine. Zishike zote tatu kwa pamoja na uzitoe kama mzigo mmoja.

Kwenye kizimba cha difu, andika alama ya krauni na kizimba kabla ya kufungua boliti za krauni. Ndani mna gia mbili za pembeni zinazopokea ekseli, gia mbili ndogo zinazozunguka kwenye pini ya katikati, na wosha nyembamba nyuma ya gia hizo. Zipange mezani kwa mfuatano ule ule zilivyotoka, kila wosha na gia yake.

Ukaguzi

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na ukaushe. Usipulize beringi kwa hewa ya kompresa ili izunguke. Beringi kavu inayozungushwa kwa kasi hujiharibu yenyewe, na ikipasuka vipande vyake vitamfikia aliyeishika.

Meno ya gia yakiwa yameng'aa kwa usawa upana wote ni mazima. Yakiwa na vishimo vidogo kama uso wenye ndui, yakiwa yamemeguka ncha, au yamekuwa na rangi ya buluu kwa joto, gia hiyo haifai. Gia iliyolika ibadilishwe pamoja na mwenzake anayeshikana naye, kwa sababu jino jipya likikutana na jino lililolika kwa umbo jingine yote mawili yatapiga kelele. Zitazame splaini za ekseli kwa mwanga wa kando: zikionekana zimejipinda kama kamba iliyosokotwa, chuma kimeshachoka, na ekseli hiyo itakatika kwenye mlima.

Hapa ndipo transakseli hii inapotofautiana na difu la lori. Kwenye lori, pinioni hukutana na krauni kwa pembe, na fundi hupaka rangi kwenye meno, kupima mgusano, na kuongeza au kupunguza shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi). Kwenye gari la gofu shafti ziko sambamba, na kwa kawaida hakuna marekebisho ya namna hiyo. Umbali kati ya gia na gia umewekwa na matundu ya beringi yaliyochongwa kwenye kasha. Kama utakuta shimu, irudi mahali ilipotoka, lakini usitegemee kuondoa kelele kwa kuongeza nyingine. Kinachoyashikilia meno mahali pake ni beringi na tundu lake. Kwa hiyo kagua matundu hayo kwa makini: ikiwa ringi ya nje ya beringi imekuwa ikizunguka ndani ya tundu, utaona uso uliong'arishwa na kupanuka, na beringi mpya itaingia kwa kusukumwa na kidole. Kasha la namna hiyo libadilishwe. Wako wanaopiga vishimo kwa ncha ya chuma kuzunguka ukingo wa tundu ili beringi ibane, na wako wanaojaza gundi. Nimeona kazi zote mbili zikirudi.

Beringi na sili

Ushauri wangu ni kubadilisha beringi zote na sili zote kila kasha linapofunguliwa, hata zile zinazoonekana nzima. Kazi ya kufungua ni ile ile, na bei ya beringi ni ndogo ikilinganishwa na bei ya gia.

Namba iliyochongwa kwenye beringi itakusaidia dukani. Kwa beringi za kawaida za mipira, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu kwa milimita. Kwa mfano, 6205 ina tundu la milimita 25, na vipimo vyake vingine ni milimita 52 kwa nje na 15 kwa unene. Herufi zinazofuata nazo zina maana: 2RS ni beringi iliyozibwa kwa mpira pande zote mbili, ZZ ni iliyokingwa kwa bati, na C3 ni yenye nafasi ya ndani iliyo kubwa kuliko kawaida. Beringi zinazooga oili ndani ya kasha huwa za wazi, ili oili iliyorushwa na gia izifikie. Za mwisho wa ekseli, zilizo nje ya sili, huwa zimezibwa na zina grisi yake. Ukizibadilishana, ya nje itakufa kwa vumbi.

Nenda dukani na beringi ya zamani mkononi, na ulinganishe si namba tu bali pia uchongaji wa maandishi, uzito, na jinsi inavyozunguka. Beringi bandia zipo sokoni, na nyingine zimefungwa kwenye kisanduku kinachopendeza kuliko cha halali.

Kanuni ya kuingiza beringi haina udhuru: beringi inayobanwa kwenye shafti isukumwe kwa ringi ya ndani, na inayobanwa kwenye kasha isukumwe kwa ringi ya nje. Nguvu isipite kwenye mipira. Mwanzoni mwa kazi hii niliwahi kuisukuma beringi ya gia ya kati kwa ringi ya nje kwa kuwa bomba la kipimo sahihi halikuwepo karibu. Ilizunguka vizuri mezani. Baada ya wiki mbili gari lilirudi likivuma, na nilipoifungua niliona alama za mipira zimejichora kwenye njia yake, zikiwa na nafasi sawa kama shanga kwenye uzi. Tangu siku hiyo nina sanduku la vipande vya bomba vya kila kipenyo.

Kama huna presi, tumia joto. Beringi ya wazi ining'inizwe kwa waya ndani ya oili safi iliyopashwa hadi nyuzi 100 hivi za Selsiasi, bila kugusa kitako cha sufuria na bila kuvuka nyuzi 120, nayo itateleza kwenye shafti yenyewe. Beringi iliyozibwa kwa mpira isitiwe kwenye oili moto, kwa sababu grisi yake itatoka. Kwa upande wa kasha, pasha alumini kwa hewa moto hadi tone la maji likauke upesi juu yake, na beringi baridi itaingia bila kugongwa.

Kwenye ekseli, beringi huzuiwa na ringi nene ya chuma iliyobanwa baada yake. Ringi hiyo haitumiki mara ya pili. Ikwangue kwa mashine ya kusaga hadi ukaribie shafti bila kuigusa, kisha ipasue kwa pigo moja la tindo.

Sili iingizwe mdomo wenye springi ukielekea upande wa oili. Paka grisi kidogo kwenye mdomo huo, isukume kwa bomba linalogusa ukingo wake wote, na uhakikishe imekaa sawasawa. Mahali ambapo sili inagusa shafti pakiwa na mfereji unaohisiwa kwa ukucha, sili mpya itavuja. Ama badilisha shafti, ama, kama kina cha tundu kinaruhusu, iweke sili milimita moja au mbili ndani zaidi ili iguse sehemu ambayo haijalika.

Kuunganisha upya

Anza na difu. Paka oili kwenye wosha, gia za pembeni na gia ndogo, zipange ndani ya kizimba, ingiza pini ya katikati na kizuizi chake, kisha zungusha gia kwa vidole. Zinapaswa kuzunguka kwa ulaini bila kukwama mahali popote. Rudisha krauni kwa kufuata alama, safisha uzi wa boliti, tia gundi ya uzi, na uzikaze kwa msalaba hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha toleo hilo la gari.

Pakaza oili beringi na gia zote. Shikanisha pinioni, gia ya kati na difu mikononi kama zilivyokuwa wakati wa kutoka, kisha ziteremshe kwa pamoja ndani ya nusu ya kasha. Hii ni kazi ya watu wawili, hasa kwa mara ya kwanza. Beringi moja ikikataa kuingia, usiigonge. Ziinue zote kidogo, nyoosha, na ujaribu tena. Pinioni inapopita kwenye sili yake, funika splaini kwa utepe mwembamba au karatasi laini ya nailoni ili meno yake yasikate mdomo wa sili.

Nyuso za kasha zifutwe kwa kiyeyushi kisichoacha mafuta. Paka silikoni ya kuziba kwa mstari mwembamba wa milimita 2 hadi 3 unaopita upande wa ndani wa matundu ya boliti. Silikoni nyingi haizibi zaidi. Hubinywa kuelekea ndani, hukatika vipande, na kuziba njia ya oili ya beringi. Kama aina yako inatumia gasketi ya karatasi, tumia gasketi. Lenga pini za mwongozo, rudisha kifuniko, na ukaze boliti kwa awamu mbili au tatu, ukivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, huku ukizungusha shafti ya kuingizia kwa mkono kila baada ya awamu. Shafti ikianza kuwa nzito, simama hapo, kwa kuwa kuna beringi ambayo haijakaa mahali pake, na kuendelea kukaza kutavunja kasha. Boliti zinazoingia kwenye alumini na ambazo hazihitaji gundi zipakwe grisi ya shaba, ili fundi atakayekuja baadaye asizikate.

Rudisha mabomba na ekseli. Ekseli ipite kwenye sili ikiwa imenyooka, izungushwe taratibu hadi splaini zake ziingie kwenye gia ya pembeni, kisha isukumwe hadi mfereji wa saklipu uonekane wote. Baada ya kuweka saklipu, izungushe kwa bisibisi ndani ya mfereji wake, ikizunguka, imekaa. Saklipu ambayo haijakaa vizuri ndiyo inayosababisha gurudumu kutoka pamoja na ekseli yake gari likiwa mwendoni.

Kabla ya kurudisha transakseli garini, fanya jaribio la kuhesabu. Club Car DS ya umeme ina uwiano wa 12.28 kwa 1. Mwambie msaidizi ashikilie ekseli moja isizunguke, kisha zungusha shafti ya kuingizia mara 12 na zaidi kidogo ya robo. Krauni itakuwa imezunguka mara moja, na ekseli iliyo huru itazunguka mara mbili. Badilisheni upande na mrudie. Pande zote mbili zikitoa hesabu hiyo, bila kukwama wala kugonga, difu limeunganishwa sawa.

Oili, mota na safari ya kwanza

Funga transakseli kwenye springi, kisha tia oili gari likiwa tambarare. Club Car DS ya umeme huchukua takriban lita 0.67, na oili ya SAE 30 inakubalika kwake. Magari mengine yafuate kitabu chake na kizibo cha kipimo. Oili ikizidi haina faida. Gia huirusha, hupata moto na kutoka povu, na hutafuta njia kupitia sili ya pinioni hadi ndani ya mota, ambako hulowesha brashi na komyuteta (sehemu ya shaba ya rota inayoguswa na brashi).

Paka grisi yenye molibdenamu kwenye splaini, rudisha kipande cha mpira, na usukume mota hadi uso wake uguse kasha wenyewe ndipo ufunge boliti. Boliti zisitumike kuivuta mota. Rudisha nyaya kwa kufuata picha, na waya mkuu wa hasi uwe wa mwisho.

Jaribio la kwanza lifanywe magurudumu yakiwa juu, kwa mguso mdogo wa pedali na kwa sekunde chache. Mota za mfuatano (ambazo koili za rota na koili zisizozunguka zimeungwa kwenye njia moja ya umeme), zilizo kwenye magari mengi ya zamani, hazipaswi kamwe kupewa volti kamili bila mzigo, kwa kuwa kasi yake hupanda bila kikomo hadi nyaya zinararuka kutoka kwenye rota. Ili upate picha ya kasi iliyo ya kawaida: tairi la 18x8.50-8 lina kipenyo cha karibu milimita 457, hivyo gari likienda kilomita 20 kwa saa gurudumu huzunguka mara 232 hivi kwa dakika, na mota, kwa uwiano wa 12.28, karibu mara 2,850. Beringi ya pinioni huzunguka kwa kasi hiyo hiyo siku nzima, ikioga oili isiyojaza hata chupa ya lita moja.

Lishushe gari, rekebisha breki, na uliendeshe dakika 15 ukibadilisha mbele na nyuma, kona za kushoto na kulia. Kisha gusa kasha: linaweza kuwa na joto la wastani, lakini lisiwe la kuuchoma mkono. Pitisha kidole chini ya sili za ekseli na kwenye muungano wa mota, na ukaze upya yuboliti na nati za magurudumu. Mwambie mwenye gari au dereva wa hoteli asilioshe kwa maji ya mpira wa presha yakilenga mwisho wa ekseli, kwani maji hayo huvuka sili ambayo mvua haiwezi kuivuka.

Baada ya mwezi mmoja wa kazi, mwaga oili hiyo ya kwanza ikiwa bado ya moto na upitishe sumaku. Unga mweusi mlaini kama masizi ni wa gia zinazozoeana. Tia oili mpya na uliruhusu gari. Chembe zinazokwaruza kati ya vidole ni za beringi, na kasha hilo lifunguliwe tena kabla halijarudi barabarani.